Jaribio la ukuaji wa mwani: cottonii inapungua uzito. Kosa liko kwenye vipimo au liko baharini?

mwambao_kusi

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba msaada wa waliozoea kupima mwani shambani.

Jaribio lipo pwani ya mashariki ya Unguja, ndani ya mwamba, mahali ambapo wakati wa bamvua (siku za maji makubwa ya kupwa na kujaa) maji yakipwa kamba hubaki kwenye maji ya magotini. Ni mtindo wa kawaida wa vigingi: kamba ya milimita 4, urefu mita 5, mbegu (vipande vya mwani vya kupanda) 20 kwa kamba, zimeachana sentimita 25. Kamba moja ni spinosum (Eucheuma denticulatum), ya pili ni cottonii (mwani wa jenasi Kappaphycus). Kila mbegu ilianza na gramu 100.

Baada ya siku 42 wastani wa spinosum ni gramu 620. Wa cottonii ni gramu 88, yaani pungufu ya tulichofunga. Kati ya zile 20 za cottonii, 6 hazikuonekana kabisa, kwa hiyo zimeandikwa sifuri. Zilizobaki, baadhi zina weupe katikati ya matawi.

Maswali: sifuri zile ni sahihi? Kanuni ipi ya ukuaji itumike? Weupe ule ni ugonjwa au ni jua? Na sampuli za DNA zihifadhiwe vipi pasipokuwa na friza?

mizani_na_kamba

Wa alaykum salaam ndugu. Anza na sifuri, maana ndizo zilizokupoteza.

Mbegu iliyong'oka na kuchukuliwa na maji haikupungua uzito, imepotea. Hayo ni mambo mawili na kila moja lina safu yake kwenye daftari. Tazama hesabu yako mwenyewe: wastani wa 88 mara 20 ni gramu 1,760. Zigawe kwa zile 14 zilizoonekana, unapata gramu 126 hivi. Kwa hiyo cottonii iliyobaki kwenye kamba ilikua, ila kidogo mno. Tena kanuni yenyewe haikubali sifuri, kwa kuwa logi ya sifuri haipo.

Kanuni: gawa uzito wa mwisho kwa uzito wa mwanzo, tafuta logi asilia ya jibu, gawa kwa idadi ya siku, zidisha kwa 100. Spinosum yako: 6.2, logi yake 1.8245, gawa kwa 42, ni asilimia 4.34 kwa siku. Kwa kasi hiyo uzito unajirudufu kila siku 16. Ipo kanuni nyingine inayotumika sana kwenye maandishi ya mwani, inayochukua mzizi wa 42 wa 6.2, ikatoa 1, ikazidisha kwa 100. Hiyo itakupa 4.44. Zote mbili ni halali. Kisichofaa ni kulinganisha namba ya kanuni moja na namba ya mtu aliyetumia nyingine bila kusema.

Sasa mizani. Maji yanayoning'inia kwenye matawi ni uzito pia. Mbegu ya gramu 90 ikipimwa na gramu 10 za maji utaiandika 100. Ukiirudia baada ya siku 7 ikiwa imekaushwa vizuri, kosa hilo peke yake linakula asilimia 1.5 kwa siku, na kosa lile lile likigawanywa kwa siku 42 ni asilimia 0.25 tu. Ndiyo maana vipimo vya wiki moja moja huruka juu na chini. Weka utaratibu mmoja usiobadilika: ining'inize kwenye kikapu cha matundu dakika 1, ikung'ute mara 5, ifute kwa taulo kavu, ndipo ipande mizani. Kivulini, nyuma ya kitu kinachozuia upepo, kwa sababu kwenye mizani ya gramu 1 upepo wa kusi unaweza kutikisa namba kwa gramu kadhaa. Usifungue taitai (vijikamba vinavyofunga mbegu kwenye kamba). Pima taitai 10 tupu zilizolowa, pata wastani, utoe. Kufungua na kufunga upya ndiko kunakovunja cottonii.

bamvua_ya_saa_nne

Nakubaliana na aliyetangulia, lakini kuna kosa kubwa kuliko sifuri. Kamba moja ya spinosum na kamba moja ya cottonii si marudio 20. Ni rudio moja kwa kila aina. Mbegu 20 za kamba moja zinashiriki kigingi kilekile, mkondo uleule, mchanga uleule na samaki walewale. Kamba ya cottonii ikiwa imeangukia kwenye kidimbwi chenye maji ya moto, umepima kidimbwi, hukupima cottonii. Kizio cha jaribio ni kamba.

Panga hivi: maeneo 5, yakianzia upande wa ufukweni kwenda upande wa mwamba, kwa sababu kina na mkondo hubadilika kwa mwelekeo huo. Kila eneo liwe na kamba moja ya spinosum na moja ya cottonii, na upande wa kila moja upigwe kura. Jumla kamba 10. Usipime mbegu 2 za kila mwisho wa kamba, zile zinasuguana na kigingi na kamba haitulii pale. Katika zile 16 za katikati weka alama kwenye 10. Pata wastani wa kila kamba kwanza, kisha linganisha wastani 5 kwa wastani 5. Utaona mtawanyiko ni mkubwa kuliko ulivyodhani, na huo ndio ukweli wa eneo hilo.

Mbegu nazo zichaguliwe. Ncha changa zenye matawi mengi hukua kuliko vipande vya shina la chini, hivyo aina moja ikikatwa ncha na nyingine ikakatwa shina, tofauti utakayoipata ni ya kisu chako. Zichukuliwe asubuhi, zifunikwe gunia lililoloweshwa maji ya bahari, zifungwe siku hiyohiyo. Maji ya bomba hata kidogo.

Ratiba ifuate bamvua. Bamvua mbili hazikai siku 14 kamili, ni karibu 15, kwa hiyo andika tarehe halisi ya kila kipimo na utumie siku zilizopita kweli kwenye hesabu.

Jambo la mwisho, la heshima na la kazi pia: vigingi vipya viwekwe baada ya kuzungumza na sheha, kamati ya wavuvi na akina mama wenye mashamba jirani. Wao wanajua ni wapi cottonii ilikuwa inakubali na ni mwaka gani ilikataa, na hiyo ni taarifa ya kitafiti.

mwambao_kusi

Ahsanteni sana. Nimerudi kwenye daftari. Katika zile 14: nzima 5, wastani gramu 210. Zilizovunjika 9, wastani gramu 79. Je, nitumie zile 5 nzima kama ukuaji wa cottonii? Na eneo lile lina tasi (samaki walao mwani) wengi, naanza kuwashuku.

mwani_mwekundu

Zile 5 zinatoa asilimia 1.77 kwa siku. Itoe namba hiyo, lakini ieleze kuwa ni ya zilizosalimika. Zilizokuwa dhaifu zimeshavunjika au kuondoka, kwa hiyo namba hiyo inapendelea zenye nguvu. Pembeni yake andika: 9 kati ya 20 zilivunjika, 6 zilipotea. Halafu ongeza uzito wa kamba nzima kwa mita: gramu 1,760 kwa mita 5 ni gramu 352. Mkulima anachoondoka nacho ni hicho.

Kuhusu weupe, usiandike "ugonjwa" kabla hujalishika tawi. Lishike kwa vidole viwili, upande mmoja na upande wa pili wa sehemu nyeupe, kisha likunje taratibu. Weupe wa aisi-aisi (ice-ice, ugonjwa wa mwani) ni laini, kama ukucha uliolowekwa mno. Tawi hukatika palepale penye weupe bila kutoa mlio, huku ncha iliyo mbele yake bado ina rangi na ni ngumu. Hiyo ndiyo inayoangusha mbegu: ncha nzima inaondoka ikiwa hai.

Jua hufanya vinginevyo. Weupe unakaa upande wa juu tu, unaotazama mbingu, na mbegu zote za kamba zinafanana. Kwetu maji ya bamvua hupwa sana mnamo saa nne asubuhi hadi karibu na adhuhuri, jua likiwa kali, na kuanzia Januari hadi Machi hapo ndipo mwani unapoungua. Mwani uliofifia wote sawasawa, ukawa wa manjano, mara nyingi umepungukiwa naitrojeni.

Tasi hana haja ya weupe. Ncha zimeng'atwa, pamebaki vikonyo vifupi, ngozi ya nje imechunwa na nyama ya ndani inaonekana, lakini ukibonyeza ni ngumu. Kuna na magugu yanayoota juu ya mwani: kwanza vijidoa vyeusi mithili ya ncha ya sindano, baada ya wiki chache vinakuwa vinyweleo. Ukivikwangua vinaacha kishimo, na bakteria hupitia hapo.

Kumthibitisha tasi kunahitaji vizimba. Katika kila eneo weka sehemu tatu za kamba ya cottonii: moja ndani ya kizimba cha wavu wa jicho la sentimita 2, moja chini ya kizimba kilichoachwa wazi pande mbili, moja bila kitu. Ile ya katikati si pambo. Wavu hupunguza mkondo na mwanga, na bila kizimba nusu hutajua kama mwani umebadilika kwa kukosa samaki au kwa kukosa mkondo. Safisha wavu kila bamvua, ukijaa uchafu unakuwa kivuli.

Joto lipimwe na kirekodi kilichofungwa kwenye kamba, usawa wa mwani, kila dakika 15, kikiwa na kifuniko cheupe ili jua lisikipashe chenyewe. Kipimajoto cha mkononi kinakupa saa uliyokuwepo tu. Kwenye majaribio ya maabara weupe umetokea kwa nyuzi 33 hadi 35, na pia chumvi iliposhuka hadi 20 kwa elfu. Kwa hiyo wakati wa masika pima chumvi pia, na upime chini karibu na mchanga, kwa kuwa kwenye pwani ya mawe ya matumbawe maji matamu hutoka chini kwa chini. Refraktomita (kipima chumvi) isawazishwe kwa maji safi ya kukeneka isome sifuri, kila siku ya kazi.

mizani_na_kamba

Nimalizie la DNA. Silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) inatosha, friza si lazima. Kata ncha ya sentimita 2, isugue kwa brashi laini, isuuze kwa maji safi ya bahari, ifute. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: cottonii ni nene, imejaa karajinani (ute mzito wa mwani), ukiitia nzima inakauka nje na kuoza ndani. Ikate vipande vya milimita 2, viingie kwenye bahasha ya karatasi laini, bahasha ndani ya mfuko unaofungwa, na silika isiyopungua mara 10 ya uzito wa mwani. Vikiwa tayari vinakatika kwa mlio mkavu. Silika ikibadilika rangi kabla ya hapo, weka mpya. Fomalini ibaki kwa vielelezo vya umbo tu, huiharibu DNA.

Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya mfuko. Kutoka mmea huohuo bana na ukaushe kipande kingine kwenye karatasi ya hifadhi ya vielelezo, chenye namba ileile.

Maabara waambie mapema kuwa ni mwani wa karajinani. Ute huo huzuia PCR (hatua ya kunakili DNA), na mara nyingi kuizimua DNA mara 10 ndiko kunakoifanya ifanye kazi. Omba wasome jeni ya cox1 na kipande cha kati ya jeni za cox2 na cox3. Kwa jicho huwezi kuapa kuwa cottonii yako ni Kappaphycus alvarezii na si K. striatus. Na spinosum ichukulie hivyohivyo: mbegu za kilimo kilichoanza Zanzibar mwaka 1989 zilitoka Ufilipino, lakini Eucheuma denticulatum ya asili ilikuwepo pwani hii tangu zamani na bado inaota mwambani. Chukua sampuli 3 za mwambani pia, usiziunganishe mfuko mmoja na za shambani.