Antibiotiki za kinga kwa upasuaji wa taya: aongezewe siku saba?

TabibuMasasi: Wakuu, salaam. Nina mgonjwa wa miaka 24, kasogezwa taya la chini Dar es Salaam, sasa yuko nyumbani. Karatasi yake: sefazolini (antibiotiki ya sindano) gramu 2 kabla ya kuchanwa, ikarudiwa mara moja, ikaendelea siku moja tu. Ndugu wanang'ang'ania vidonge vya wiki nzima. Niandike?

MenoMikindani: Usiandike kwa kubembelezwa. Dawa ya kinga inatakiwa iwe tayari kwenye nyama kisu kinapopita, ndiyo maana huchomwa ndani ya dakika 60 kabla. Kazi ikizidi muda wa saa nne, au damu ikipotea nyingi, inarudiwa. Hapo wamefanya sawasawa. Ubishi uko kwenye siku za baadaye: WHO (Shirika la Afya Duniani) mwaka 2016 walisema usiendeleze baada ya upasuaji, lakini mapitio ya 2015 ya Cochrane (mtandao unaojumlisha matokeo ya tafiti za tiba), yaliyoangalia upasuaji huu huu wa taya, yaliona maambukizi yanapungua dawa ikizidi siku moja. Mdomo hauishiwi vijidudu hata uusafishe vipi, na mle ndani kuna mabamba na skrubu za kushikilia mfupa. Mpigie aliyempasua, yeye anajua alichokiona.

DukaLaDawaLindi: Akikubali, kumbuka meno yamefungwa raba, kapsuli haipiti. Amoksilini ya maji, miligramu 250 kwa mililita 5: mililita 10 kila saa 8. Chupa ya mililita 100 inaisha siku ya nne asubuhi, kwa hiyo msimpe moja mkadhani inatosha wiki. Maji ya kuchanganyia yachemshwe, yapoe kabisa. Muulize kwanza kama penisilini inamdhuru. Na jamani, seftriaksoni (antibiotiki nyingine ya sindano) si dawa ya kila kidonda!

NesiWadi: Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, halafu unashuka. Ukishuka kisha ukapanda tena, na harufu, usaha au homa, hayo ni maambukizi: usaha utolewe, vidonge peke yake vitaficha tu. Ganzi ya mdomo wa chini ni neva, haihitaji antibiotiki. Klorheksidini (maji ya kuua vijidudu mdomoni) asukutue asubuhi na jioni, muda kidogo mbali na kupiga mswaki, maana dawa ya meno huipunguza nguvu. Sigara marufuku. Mkasi wa kukatia raba ukae karibu naye akitapika.

TabibuMasasi: Mkasi hawakupewa. Nampigia daktari wake sasa hivi, vidonge vinasubiri.