Kwa nini Neopets imedhoofika, na je, inafaa kuirudia?

Mzawa wa Mkomani, Lamu
Assalamu alaykum ndugu zangu. Zama zile tulipokuwa tukilipia saiba kwa dakika, baadhi yetu tulifuga wanyama katika tovuti ya Neopets, tukawalisha na kuwavisha kwa sarafu za mchezo. Binti yangu ameniomba nimwonyeshe. Nimewakuta wanyama wangu wana njaa ya miaka lakini wako hai. Ila michezo kadhaa haifunguki, na kurasa mpya zimechanganyika na za kale kana kwamba kazi iliachwa njiani. Naomba anayejua anieleze tovuti hii ilifikaje hapa, na kama ni salama kumfungulia mtoto akaunti.

Fundi wa Barani, Malindi
Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Adam Powell na Donna Williams waliifungua nchini Uingereza mwezi Novemba 1999. Mwaka 2005 Viacom, kampuni ya Marekani ya habari na burudani, ikainunua kwa dola milioni 160, mwaka 2014 ikahamia kwa JumpStart, kampuni ya michezo ya elimu, na mwaka 2017 JumpStart yenyewe ikaingia mikononi mwa NetDragon ya China. Jahazi linalobadilisha manahodha bila kupigwa kalafati litaingiza maji hata kama kila nahodha ni hodari. Michezo yake mingi ilitegemea Flash, programu ya kuendesha michezo ndani ya kivinjari, na mwenye programu hiyo, kampuni ya Adobe, alitangaza Julai 2017 kwamba ataacha kuihudumia mwishoni mwa 2020. Muda huo ulitosha kuiandika upya ile inayopendwa zaidi, lakini siku ilipofika sehemu kubwa ya tovuti ilikuwa haijaguswa. Kwangu mimi, hicho ndicho chanzo.

Binti wa Shela
Kaka Fundi, historia yako ni sahihi, lakini Flash inaeleza kwa nini michezo haikufunguka. Haielezi kwa nini watoto wapya hawakai. Kwanza, tovuti iliundwa kwa skrini ya kompyuta, ilhali watoto wetu wameijua intaneti kupitia simu. Kurasa zilianza kurekebishwa zifae simu watu wakiwa wameshaondoka. Pili, na hili ndilo zito zaidi, ni uchumi wake. Sarafu hutolewa kila siku kwa wachezaji wote, na matumizi hayazimezi kwa kasi ile ile, hivyo bei za vitu adimu, hasa baadhi ya brashi za kumpaka mnyama rangi, zilipanda hadi mgeni akawa hana njia ya kuzifikia. Mtoto hupewa kimanda cha bure cha kumlisha mnyama wake kila siku, kisha akapita madukani akitazama tu. Tamagotchi ya Bandai, kile kidude cha mfukoni chenye mnyama wa kufuga kilichotoka 1996, ilikufa ukiipuuza. Kwenye Neopets mnyama hafi kamwe. Huruma hiyo naipenda, ingawa ndiyo iliyowarahisishia wengi kuondoka bila kuaga.

Fundi wa Barani, Malindi
Dada, hoja ya bei naikubali. Niongeze kwamba mwaka 2021 ulitangazwa mradi wa NFT, yaani vitu vya kidijitali vinavyouzwa vikiwa na hati ya umiliki, ambao wachezaji wengi wa zamani waliupinga vikali, kwa kuwa waliona fedha zinaelekezwa huko huku kurasa zao zikiwa mbovu. Mambo yalibadilika Julai 2023: JumpStart ilipofungwa, kikundi cha wasimamizi kikiongozwa na Dominic Law kiliichukua tovuti, kikauacha mradi ule na kuanza kuifufua michezo ya Flash kwa programu iitwayo Ruffle. Kwa hiyo imedhoofika, lakini haijafa.

Mwalimu wa Kompyuta, Malindi
Nijibu lile la usalama, ambalo naona limesahaulika. Julai 2022 tovuti ilidukuliwa, na taarifa za akaunti zinazofikia milioni 69 zikachukuliwa, zikiwemo anwani za barua pepe, tarehe za kuzaliwa na nywila zilizogeuzwa kuwa msimbo. Mzee wangu wa Mkomani, badilisha nywila yako ya zamani leo hii, na popote pengine ulipoitumia. Mtoto asitumie jina lake halisi wala nywila ya familia, na akaunti yake iandikishwe kwa anwani ya barua pepe unayoisimamia wewe.

Mzawa wa Mkomani, Lamu
Nawashukuru nyote. Nywila nimeshaibadilisha. Binti atacheza kwenye akaunti yangu kwanza, nikiwa karibu, ili nione kama zile bei alizozitaja dada yetu zitamkatisha tamaa kabla sijamfungulia yake.