Fundi seva wetu wa Tanga: jampa zote tatu, halafu "Dogo, kaa pembeni"!

Wakuu, ndiyo natoka ofisini, damu inachemka. Yule fundi mnamjua, Tanga nzima inamjua, sina haja ya kumtaja.

Tuna seva ya zamani ya SCSI, ule mfumo wa kuunganisha diski na vifaa vingine kwenye kebo moja. Imeletwa tepu ya kuhifadhia nakala, akaitwa yeye aifunge. Kebo yetu ina anwani 8 tu, 0 mpaka 7, na kila kifaa lazima kiwe na yake. 7 ya kadi yenyewe, ile inayounganisha kebo na seva, 0 ya diski ya kuwashia. Tepu ipe 5: jampa, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini, kwenye pini za 1 na za 4, jumla 5, kazi imeisha, kanywe chai.

Yeye kafunika zote tatu. 1, 2 na 4! Mtoto wa chekechea Chumbageni atakwambia hiyo ni 7! Namwambia kwa adabu, "Kaka, hiyo namba ya kadi." Ananigeukia MBELE YA BOSI: "Dogo, kaa pembeni. Jampa zikipungua kifaa hakishiki."

Kaa pembeni! Mimi! Kwenye seva ninayolala nikiiwaza!

Kawasha. Skrini ikaorodhesha tepu kwenye 0, tepu kwenye 1, tepu kwenye 2, mpaka 6. Tepu moja imezaa ukoo mzima! Diski haionekani, seva haiwaki, wateja wamejaa hadi barazani. Nikapeleka mkono nirekebishe: "Nimesema kaa pembeni!" Mbele ya bosi. Mbele ya mama wa chai, jamani!

Kebo Ndefu: Terminata, vile vizibo vya ncha za kebo, umeangalia?

Mwenye uzi: Mkuu, soma! Terminata zipo ncha zote mbili. Shida ni NAMBA. Na kuambiwa nikae pembeni!

Bin Raskazone: Seva ya SCSI mpaka leo? Pelekeni kwa wanunua chuma chakavu. Na wewe umekaa pembeni kweli? 😂

Mzee wa Pini: 7 ndiyo yenye kipaumbele kuliko zote kwenye kebo, ndiyo maana inaachiwa kadi. Dogo yuko sahihi.

Mwenye uzi: Asante mzee! Alipoondoka nimezima umeme, nikatoa jampa ya kati, tepu ikawa 5, seva ikawaka. Hela kalipwa YEYE. Mimi "kaa pembeni"!

Mama Sahare: Ana pikipiki nyekundu huyo? Kama ndiye, friji langu alilitia gesi. Maziwa yanaganda mlangoni, samaki wanaoza kwenye friza!

Bin Raskazone: Mama, huyo ana afadhali. Wangu wa dishi katoboa bati, mvua ikinyesha naoga sebuleni.

Kebo Ndefu: Tanga waja leo waondoka leo, ila mafundi hawa hawaondoki 😂

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwenye tepu.

Mama Sahare: Subiri kidogo mwanangu. Nani ana fundi friji mwaminifu huku Sahare? Nina changu na kibua wa kesho.

Mzee wa Pini: Yupo mmoja Ngamiani, ila usimlipe kabla hujaona barafu.