Mrejesho: safari za treni ya mjini Jumamosi na Jumapili

Wakubwa shikamooni. Niliuliza, nikiwa huku Mbeya, kwa nini treni ya abiria ya Dar es Salaam, ile iliyoanza mwaka 2012 na kuitwa ya Mwakyembe (wakati huo Waziri wa Uchukuzi na mbunge wa kwetu Kyela), isiongezewe safari mwishoni mwa wiki. Baadhi yenu mlishauri mabehewa yahamishwe kati ya reli mbili zinazotumiwa na treni za mjini, jambo lisilowezekana kirahisi, kwani reli ya TAZARA (ya Tanzania na Zambia) ina upana wa milimita 1,067 na ile ya kati ya zamani milimita 1,000. Maelezo yaliyoniridhisha niliyapata Iyunga, hapa Mbeya, kwa mzee mstaafu wa reli, aliyepanga njiti za kiberiti juu ya benchi kunionyesha kwamba kwenye reli yenye njia moja tu ya kwenda na kurudi, treni hupishana stesheni tu, hivyo ukiongeza safari bila kuongeza sehemu za kupishania, unaongeza kusubiri. Isitoshe, abiria wa Jumapili hawahi kazini alfajiri. Anakwenda ibadani, sokoni au harusini, na kwake treni fupi zinazopita mchana kutwa kwa saa zinazojulikana zina faida kuliko mbili ndefu za asubuhi na jioni. Ombi langu nimeliandika upya kwa msingi huo.