Tajiri anataka timu yetu ya wilaya asilimia mia, tumpe?

Mwanzisha mada:
Wakuu habari za jioni. Timu yetu iko First League, ligi ya daraja la tatu, na msimu uliopita tumesafiri kwa michango tu, kuna mechi ya ugenini vijana wameshuka kwenye basi asubuhi wanaingia uwanjani saa kumi jioni hawajalala wala hawajala vizuri. Sasa kajitokeza mfanyabiashara wa hapahapa, ana malori na maduka ya vifaa vya ujenzi, anasema mishahara, kambi, usafiri vyote juu yake ila timu iwe yake yote. Viongozi wengi wameshalainika. Mkutano mkuu unakuja na nina kura yangu, naombeni mawazo maana sitaki timu ife na sitaki pia tuipoteze.

Mchangiaji wa 1:
Mpeni mkuu. Mpira wa sasa ni hela. Azam ni timu ya kampuni mwanzo mwisho, wana uwanja wao pale Chamazi, msimu wa 2013/14 wakabeba ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Simba na Yanga zipo tangu miaka ya 1930, wanachama kibao, mpaka leo uwanja wao wenyewe wa kuchezea ligi hawana. Wanachama wenu watalipa ada lini?

Mchangiaji wa 2:
Azam usiiweke hapa, ile ilianzia kwa wafanyakazi wa kampuni yenyewe, hakuna wilaya iliyonyang'anywa kitu. Mfano wenu ni Ihefu. Timu ya Mbarali kule Mbeya, uwanja wao ulikuwa Ubaruku, ndiyo iliyoifunga Yanga 2-1 Novemba 2022 ikakatisha ile rekodi ya mechi 49 za ligi bila kufungwa, watu wa Ubaruku walilala na furaha siku ile. 2024 ikabadilishwa jina ikawa Singida Black Stars ikahamia Singida, basi. Aliyekuwa anatembea kwa mguu kwenda kuiangalia Ubaruku leo anaiona kwenye TV kwa jina lingine. Hilo linaniuma mpaka leo na mimi wala sio wa Mbeya. Tajiri akiwa na timu yote, nafasi ya ligi ni yake, akiamua kuipeleka mkoa mwingine mtamzuia na nini?

Mchangiaji wa 3:
Nimewahi kushika hesabu za klabu ndogo kwahiyo nikuambie la kuuliza kwanza, hiyo hela yake ni zawadi, ni mkopo, au ananunua hisa? Hapo ndipo klabu nyingi zinaumia, mtu anatoa miaka mitatu kila mtu anamshangilia, siku mmekosana anatoa daftari anasema mnadaiwa, na hamna karatasi yoyote ya kumbishia. La pili akiondoka inakuwaje. Yanga chini ya mwenyekiti wao tajiri Yusuf Manji, 2012 mpaka 2017, walikuwa wanachukua ubingwa na kusajili wanavyotaka, alipojiuzulu hela ikaondoka naye, msimu wa 2018/19 klabu kubwa vile ikawa inatembeza bakuli kwa mashabiki na kocha Zahera ndiye anahamasisha michango. Kama Yanga ilifika hapo nyie wa First League mtamaliza wiki ngapi?

Halafu hiyo asilimia mia msiikubali kirahisi. Simba walipokubali kumpokea mfanyabiashara Mo Dewji kwa bilioni 20, mgao uliokuja kupangwa ni asilimia 49 kwake, 51 kwa wanachama, na hiyo 51 ni msimamo wa serikali kwa klabu za wanachama. Nendeni kwa msajili wa vyama vya michezo kabla ya huo mkutano, sio baada.

Mwanzisha mada:
Asanteni sana, hilo la msajili hakuna kiongozi aliyelitaja. Na akikataa 49?

Mchangiaji wa 3:
Basi awe mdhamini. Mkataba wa misimu miwili, jina la biashara yake kifuani kwenye jezi, mpeni nafasi kwenye kamati ya utendaji aone hela yake inavyotumika maana hiyo ni haki yake kabisa. Malipo yapite akaunti ya klabu, asimpe mchezaji mkononi. Na kwenye katiba muandike kwamba jina, nembo na makao makuu havibadilishwi bila theluthi mbili ya wanachama, hilo lipitisheni hata kama tajiri hayupo.

Mchangiaji wa 1:
Kwa mdhamini nakubali. Ila msimsumbue sana mkuu, hao watu wa kutoa hela wilayani ni wachache mno.