Maadmini wa magrupu ya Dodoma, acheni kuturushia linki fupi zisizo na maelezo!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Kila grupu nililomo hapa Dodoma, la mtaa, la wazazi, la kikoba, la ajira, ni linki fupi kuanzia asubuhi mpaka watu wanalala. "Nafasi za kazi Mtumba, bofya hapa." "Fomu ya wazazi, jaza kabla ya saa sita." Jina la ofisi hakuna. Ni bit.ly, ile huduma ya kufupisha linki, na herufi zisizosomeka. Ukiuliza inaenda wapi, admini anakujibu "we bofya tu utaona". Nikishabofya si ndiyo nimeshafika huko?

Mama mmoja wa kikoba chetu Nkuhungu alibofya mojawapo. Ukafunguka ukurasa wenye nembo ya Bibi na Bwana, ukamtaka namba ya NIDA, namba ya simu, halafu namba ya siri ya kutolea pesa, eti "kuhakiki". Mtaji wake wa mboga wote ukaondoka. Aliyerusha linki ile ni admini mpaka leo, na hata pole hakumpa.

Lakini wanaonikera kuliko wote ni maofisi. Ofisi ina tovuti inayoishia na .go.tz, anwani ambayo hapewi mtu asiye taasisi ya serikali, halafu tangazo lake inalipitishia kwenye linki fupi ya kampuni ya Marekani! Hiyo go.tz ndiyo alama ambayo mwananchi wa Bahi au Chamwino anaweza kuitazama akajua hapa ni serikalini, na nyie wenyewe mnaificha. Mkishawazoesha watu kwamba tangazo halali huja kwa bit.ly, tapeli naye anatuma bit.ly yake, watu wanajaza bila wasiwasi.

Na msiniambie hakuna njia ya kujua. Linki ya bit.ly inakili bila kuifungua, ibandike kwenye kivinjari, weka alama ya + mwishoni, ndipo ufungue. Utaonyeshwa anwani ndefu kabla ya kupelekwa. Ya TinyURL, andika preview na nukta kabla ya tinyurl.com. Ya is.gd, weka kistari mwishoni. Nyingine zipeleke kwenye tovuti ya CheckShortURL, itakufumbulia. Kuibonyeza kwa muda mrefu kwenye simu hakusaidii, kunakuonyesha ile ile fupi. Na ukifumbua ukakuta ndani kuna fupi nyingine, achana nayo, mtu mwema hafichi mara mbili.

Ukishaipata anwani ndefu, isome. Ruka https na mikwaju yake miwili (//), kisha tazama kilichoandikwa mwishoni kabisa kabla ya mkwaju unaofuata. Hapo ndipo mwenye tovuti anapojulikana. Kama go.tz imekaa katikati na baada yake, kabla ya mkwaju huo, kuna kitu kingine, au imeandikwa go-tz kwa kistari, hiyo si serikali, hata iwe na nembo kubwa namna gani.

Haya ni mambo ya nusu dakika. Admini mwenye watu mia kadhaa kwenye grupu anashindwaje kuyafanya kabla ya kurusha? Weka anwani kamili, taja ofisi iliyotoa tangazo, basi. Na namba za matapeli wanaotutumia meseji zipelekeni 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, badala ya kuzisambaza na kicheko.

Admini wa grupu letu la mtaa, najua unapita humu. Linki uliyoweka jana ya "mkopo wa halmashauri kwa vijana" bado ipo. Mikopo ile ya vijana na wanawake hupewa vikundi vilivyosajiliwa, haitaki namba ya siri ya simu ya mtu. Nimekuandikia inbox, umesoma, umenyamaza, na watu wanaendelea kuibofya. Ifute sasa hivi, na uwaambie waliojaza wabadilishe namba zao za siri.