Tupeane uzoefu: siku uliyoingia makumbusho ukakutana na habari za kwenu

Mnyalukolo wa Kihesa: Kamwene wapendwa. Jana mwanangu wa darasa la tano alirudi kutoka ziara ya shule kwenye makumbusho ya Boma hapa Iringa mjini, akaniuliza kama nilijua kwamba jengo lile lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 ili liwe hospitali ya askari wao. Niliona haya kumjibu. Mimi nimepita mbele ya kuta zile za mawe tangu utoto, wakati huo ikiwa ofisi ya serikali, nasi tukiijua kama mahali ambapo wazazi hukaa kwenye benchi kusubiri mhuri. Tangu ilipofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016 nimeingia mara moja tu, tena kwa sababu mvua ilinikuta njiani. Hebu tupeane uzoefu: nani amewahi kuingia Boma, makumbusho ya Chifu Mkwawa kule Kalenga au kwingineko Nyanda za Juu Kusini akatoka na jambo ambalo hakulitarajia?

Mwalimu Mstaafu: Umenikumbusha siku niliyowapeleka wanafunzi wangu Kalenga. Tulisafiri nyuma ya lori, vumbi likawageuza wote rangi moja, na walipofika walikuwa wakicheka na kusukumana kama kawaida ya watoto. Nilikuwa nimewaandalia somo zima: Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ambako kikosi cha Zelewski, kamanda wa Kijerumani waliyemwita Nyundo, kilivunjwa na mashujaa wa Kihehe, kisha kubomolewa kwa ngome ya Kalenga kwa mizinga mwaka 1894, kisha Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kujipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai, na kichwa chake kupelekwa Ujerumani. Nilitaka waone jinsi jambo hilo lilivyoingizwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919 uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, na bado ikapita miaka 35 kabla ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulikabidhi fuvu kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa tarehe 19 Juni 1954.

Somo langu halikusikika. Mbele yetu alikuwepo mzee mmoja aliyevaa mgolole, ambaye kabla ya kukaribia kioo lilimo fuvu alivua kandambili zake, akaziweka pembeni sawasawa, akainama na kuzungumza kwa Kihehe kwa sauti ya chini, kana kwamba anampa mtu taarifa za nyumbani: mvua, mahindi, nani amefariki. Watoto walinyamaza wenyewe. Kijana mmoja mtundu kuliko wote alianza kufungua kamba za viatu vyake, wenzake wakamfuata, na tukajikuta tumesimama wote miguu mitupu juu ya sakafu ya baridi. Nimefundisha historia maisha yangu yote, na siku ile nilifundishwa mimi.

Bodaboda wa Ipogolo: Mwalimu, umenitoa machozi nikiwa kijiweni nasubiri abiria.

Mchunguzi wa Mafinga: Simulizi ni nzuri, lakini tusiogope kusema jambo zima. Fuvu lile lilichaguliwa na Twining miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwa kwenye makumbusho ya Bremen, kwa kutazama vipimo vilivyokaribiana na vya ukoo wa Mkwawa na tundu lililodhaniwa kuwa la risasi. Wapo wataalamu wenye shaka mpaka leo. Makumbusho yenye heshima humweleza mgeni shaka hiyo pia.

Mjukuu wa Lilinga: Wewe wa Mafinga, yule mzee aliyevua kandambili unataka akasomewe vipimo vya Bremen? Waliolipokea mwaka 1954 walikuwa na akili zao timamu.

Mchunguzi wa Mafinga: Sikumgusa mzee wa watu. Nimesema kuhusu maelezo ya ukutani.

Binti Usangu: Mkimaliza ugomvi wenu, nami nina dukuduku. Kila ninapoingia katika majumba haya nakuta Mkwawa ukutani, Mkwawa mlangoni, Mkwawa kwenye fulana zinazouzwa. Kwetu sisi Wasangu, Wahehe ndio waliotung'oa Utengule, makao yetu, na chifu wetu Merere alipowaunga mkono Wajerumani alikuwa na hesabu zake za kulirudisha eneo lake. Watoto wetu wakisoma kwamba alikuwa msaliti tu, huku hawaelezwi kilichotangulia, watajifunza kuinamisha vichwa. Natamani siku moja nikute ukuta mmoja unaowaweka mahasimu hawa wawili uso kwa uso, kila mmoja na sababu zake.

Mnyalukolo wa Kihesa: Dada yangu, una hoja. Sisi tulioshinda tuna tabia ya kusahau kwamba mtu aliyeshindwa naye ana wajukuu.

Mtani wa Tukuyu: Huku kwetu tuna ndizi na mvua, hatuna ugomvi wa makumbusho. Ila nimewahi kukiona kile kimondo cha Mbozi, siku hizi kiko Mkoa wa Songwe, kama tani 12 za chuma. Hicho angalau hakina ukoo wa kugombania.

Shangazi wa Tosamaganga: Ninaomba radhi kwa urefu, kwa maana jambo hili sijawahi kuliandika. Nilipokuwa msichana mdogo walifika kijijini kwetu watu wenye gari na daftari, wakikusanya vitu vya kale. Babu aliwapa mkuki, vibuyu viwili na kigoda cha miguu mitatu. Waliandika, wakashukuru, wakaondoka, na karatasi waliyotuachia iliharibika paa lilipovuja.

Miaka mingi baadaye nilikuwa safarini, nikaingia kwenye jumba moja la kumbukumbu katika mji ambao sitautaja, kwa kupoteza muda tu nikisubiri basi. Nikakiona kigoda ndani ya kabati la vioo. Mguu mmoja una doa jeusi la moto, umbo lake kama jani la mhogo, kwa sababu mama yangu akiwa mtoto alikisogeza mno mekoni, na alichapwa kwa kosa hilo. Doa lile nimelisikia likisimuliwa kila tulipoota moto usiku. Pembeni palikuwa na kadi: "Kigoda. Mmiliki hajulikani. Matumizi: mapambo."

Ndugu zangu, hicho kilikuwa kigoda cha bibi, na bibi alikuwa mkunga. Alikikalia akipokea watoto, na nusu ya kijiji kilimwona yeye kabla ya kumwona mama mzazi. Mapambo! Nilimweleza mhudumu, akaniambia nisiegemee kioo. Nilipomweleza habari ya doa, akanitaka nilete nyaraka. Basi likaondoka bila mimi.

Bodaboda wa Ipogolo: Shangazi, sema ni mji gani, nauli ninakuchangia.

Mjukuu wa Lilinga: Kidaini kirudi nyumbani. Chukua wazee watatu waliomfahamu bibi, wakaandike maelezo kwa mtendaji wa kijiji, na nakala ipelekwe kwa mwanasheria.

Mchunguzi wa Mafinga: Kikirudi nyumbani kitaliwa na mchwa kama ile karatasi yenu. Kiache pale penye kioo, dai kadi ibadilishwe.

Mtani wa Tukuyu: Mimi nashauri uende na mama, afunguliwe kabati akikalie. Atakayemwinua na awe na nyaraka.

Mwalimu Mstaafu: Shangazi, kabla ya lolote mrekodi mama yako akikieleza kigoda hicho: kilichongwa kwa mti gani, nani alikichonga, watoto gani walizaliwa mbele yake. Kisha muombe mhifadhi mkuu kwa barua, usibishane na mhudumu wa mlangoni. Mara nyingi aliyeandika "hajulikani" hakuwahi kupata mtu wa kumuuliza.

Binti Usangu: Na majina ya watoto hao yaandikwe. Pengine miongoni mwao wamo Wasangu.

Shangazi wa Tosamaganga: Nimemsomea mama ushauri wenu wote, naye amecheka sana kwa ule wa Tukuyu. Anasema hataki kigoda kirudi, kwa kuwa hana pa kukiweka na magoti yake hayamruhusu tena kukaa chini kiasi hicho. Anachotaka ni neno "mapambo" lifutwe, jina la mama yake liandikwe, na mguu ule wenye doa ugeuzwe upande wa watu. Rekodi tumeianza jana usiku; ametaja watoto 31 na bado hajamaliza kitongoji cha kwanza. Tunasafiri Ijumaa. Ameniagiza nimnunulie miwani mpya kwanza, maana hiyo kadi anataka kuisoma mwenyewe.